Pumzika Hapa Kidogo, Soko la Kibugu

Kibugu, Embu
12 Septemba 1993

Dada yangu Ednah,

Kwa niaba ya mke wangu Cicily, watoto, ng'ombe wetu na majirani wa karibu na wa mbali, ninasikitika kukutangazia kuondoka kwa ghafla kwa jino langu la mbele, upande wa kushoto, lililotutoka juzi mchana likiwa kazini, ndani ya sahani ya githeri. Marehemu aliugua kwa muda mfupi. Ameacha jirani mmoja anayetikisika. Mazishi yalisimamiwa na kuku. Darasa la saba wanaomboleza kwa kucheka, kwa maana sasa nikisema "sentensi" wao husikia filimbi.

Baada ya tangazo hilo, pole kwa mguu. Mumeo Mwiti aliniandikia kwamba uliteleza kwenye migomba na sasa uko wodini, mguu juu kama nyama ya bucha. Usijisumbue juu ya binti yako. Kiende alifika Alhamisi na lori lililojaa minyororo. Cicily alitazama ile minyororo, akanitazama mimi, akaenda kuficha watoto.

Ameniambia anachotaka kufanya, na mimi nikasema "aha" mara nyingi, kama mwalimu asiyejua jibu. Nilichoshika ni hiki. Kwenye kile kiwanja kitupu kati ya bucha ya Runji na kituo cha kununulia majani chai, atasimamisha nguzo kwa duara. Kwenye nguzo ataning'iniza mabenchi kwa minyororo, yakitazamana. Chini ya mabenchi atafunga vitu vinavyolia, vijiko, vifuniko vya sufuria, kengele za mbuzi, kila nyumba itoe kimoja. Mtu akikaa, vitu vinalia. Wote wakitulia, vinanyamaza. Basi. Hapo ndipo mwisho. Niliuliza kama kuna kitu kinatoka baada ya hapo, soda labda. Hakuna.

Ameniambia pia neno la baba yake. Kwamba mwezi wa kumi ukiisha kabla hii kitu haijasimama, na watu wazima hawajaonekana wameikalia, anarudi Nkubu kuwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa, na mambo ya sanaa aliyosomea yawe yamekwisha. Aliniambia bila kulia. Nilitamani angelia, ningejua la kufanya.

Ndugu yako mwenye pengo,
Njura


Wodi ya Wanawake, Meru
19 Septemba 1993

Njura,

Nimesoma barua yako na jirani yangu wa kitanda akaniuliza ni nani amekufa. Nikamwambia ni jino. Hakucheka. Usichezee maneno ya msiba, wewe ni mtu mzima.

Sasa nisikilize. Mimi ni mama yake na simwelewi, na wewe hutamwelewa kwa siku tatu. Lakini nataka unichunguzie mambo fulani. Je, kuna mwanamume? Msichana hawezi kutoka Nairobi kuja kukaa Kibugu kwa sababu ya vifuniko vya sufuria. Kama ni mwalimu mwenzako pale shuleni, niambie jina lake na kanisa lake. Pili, hao wa kile kituo cha sanaa cha Nairobi waliompa minyororo, wanapata nini? Hakuna mtu anayekupa mnyororo bure. Redio kila siku inasema kuna watu wanaabudu shetani, na huanza hivihivi, kwa duara.

Mwiti si mtu mbaya. Unamjua, ukimwonyesha kitu kinachofanya kazi anakiheshimu, hata kikiwa punda. Lakini ile nafasi ya karani amemwekea kwa kuwabembeleza wanakamati wenzake, na hawatangoja Novemba. Mtoto wangu akikaa kwenye ile mizani, Njura, atakuwa mtu wa kupima kahawa mpaka azeeke, naye atasema "asante baba" kila siku. Hilo ndilo linaninyima usingizi, si mguu.

Niandikie ukweli. Na uandike kama ndugu, usiniandikie kama inspekta wa shule.

Ednah


Kibugu
29 Septemba 1993

Dada mpendwa,

Mambo huku ni shwari. Kiende ana afya, anakula vizuri, na Cicily amemzoea. Nguzo zimesimama na hali ni shwari. Watu wa soko wanauliza maswali mawili matatu ya kawaida, kama ilivyo desturi ya binadamu mbele ya kitu kipya. Mwanamume sijamwona. Nimekaa dirishani jioni kadhaa kwa ajili ya uchunguzi wako, na mtu pekee anayekuja kumwona ni Rwamba, seremala, mzee wa kanisa mwenye wajukuu.

Mvua inakaribia, majani ni mengi, kila kitu ni shwari.

Wako,
Njura


Wodi ya Wanawake, Meru
5 Oktoba 1993

Njura,

Shwari mara tatu katika ukurasa mmoja. Hata baharini haiko hivyo. Tangu ulipovunja chungu cha mama ukasema ni paka, nakujua unavyopanga maneno yako.

Rwamba ni seremala wa nini? Muuguzi mmoja hapa ametoka huko Kianjokoma, na nilipomtajia Rwamba akaweka sindano chini. Akaniuliza, "Mama, kwenu kuna nini?"

Nijibu.

Ednah


Kibugu
11 Oktoba 1993

Dada Ednah,

Sawa. Keti vizuri, kama mguu unakuruhusu.

Rwamba hutengeneza majeneza. Hutengeneza na vitanda, lakini jina lake limetokana na majeneza. Kiende alihitaji mbao ndefu zilizokauka vizuri, na hapa kwetu mtu mwenye mbao kavu wakati wote ni yeye, kwa sababu kazi yake haingoji. Basi jioni moja Rwamba akavuka soko na mkokoteni wa mbao, zote kiasi cha urefu wa mtu. Akazishusha pale kiwanjani, akazipanga, akaondoka bila kusema neno, maana si mtu wa maneno. Soko zima lilisimama. Runji aliacha kisu ndani ya mbuzi.

Kesho yake Kiende akasimamisha nguzo na kibao kimoja kilichopita kwa juu, akakiandika kwa rangi nyeupe: PUMZIKA HAPA KIDOGO.

Dada, mimi ndiye mwalimu wa Kiswahili. Aliniuliza kama sentensi iko sawa. Nikasema iko sawa kabisa, kitenzi, kielezi cha mahali, kielezi cha kiasi. Hata nikamsifu. Sikufikiri hata dakika kwamba hapa Kibugu mtu akichoka husema amechoka, akitaka kukaa husema anakaa, na neno kupumzika tumelisoma mahali pamoja tu, juu ya misalaba.

Mpaka jua linatua watu walikuwa na hakika kwamba kiwanja kimeuzwa kiwe makaburi ya umma, ya watu wa kutoka mbali. Wengine wanasema ni makaburi ya kukodi, na ndiyo maana ya "kidogo." Bibi mmoja aliyekuwa na kikapu cha majani alimshika Kiende mkono akamwambia kwa upole, "Mtoto wangu, mimi bado nina nguvu. Jaribu kwa wale wazee wa ng'ambo ya mto."

Tumefuta. Sasa kibao kinasema KETI KIDOGO, na nimetangaza nyumbani na shuleni kwamba neno lile lingine lisitajwe tena na mtu yeyote.

Vile vitu vya kulia navyo vimekuwa taabu. Nani atampa mgeni kitu cha jikoni kwake akifunge kwa uzi chini ya mbao za Rwamba? Runji alisema waziwazi, "Mwalimu, ukinipenda, usiniombe kijiko." Cicily alitoa kifuniko kisicho na kishikio. Nikamuuliza mbona hicho. Akasema, "Kama ni uchawi, ukaangukie sufuria iliyokwishachoka." Na huyo ni wa kwetu.

Chifu Mwaniki aliniita ofisini. Alitaka kujua kama tuna kibali cha mkutano.

"Si mkutano, chifu. Watu watakaa tu."

"Halafu?"

"Halafu watanyamaza."

"Baada ya kunyamaza, mgeni wa heshima ni nani?"

"Hakuna."

"Ajenda?"

"Hakuna."

Akavua kofia akaiweka mezani, jambo ambalo hafanyi ila kwa kesi za mashamba. "Mwalimu," akasema, "mkutano wa makelele naujua, ni bei ya majani chai, nitauzima kwa kuahidi. Lakini watu wakikaa kwa duara wakanyamaza, hao wanapanga. Wanapanga nini?"

Nilipomweleza tena, niliona kwamba hata mimi sijiamini. Mwishowe akakubali siku moja, Jumamosi tarehe 23, saa nne asubuhi, askari wake wakiwepo, na kwa sharti kwamba wa kwanza kukaa awe mtu anayejulikana, ili kukitokea jambo apatikane. Kiende akanitazama. Nikasema "aha," na safari hii lilikuwa jibu.

Sasa unajua yote. Nilikuficha kwa sababu mguu wako umefungwa na usingeweza kufanya lolote ila kukasirika, na wewe ukikasirika unajinyonganyonga.

Njura


Kibugu
14 Oktoba 1993

Mami,

Ankoli anaandika barua usiku akidhani sijui. Pia anakaa dirishani nyuma ya pazia kila nikiongea na Mzee Rwamba. Mwambie hakuna mwanamume. Rwamba ananifundisha kuunga mbao bila misumari, na anauliza maswali mazuri kuliko walimu wangu wa chuo.

Najua unaogopa. Umeniuliza hii kitu ni ya nini na mimi nikakujibu kwa maneno ya shuleni, samahani. Wacha nijaribu tena.

Siku moja Nairobi mvua ilinyesha ghafla, na sisi watu tusiojuana tukajibana chini ya kibaraza cha duka moja la viatu. Mwenye duka, mwizi labda, askari, mama na mahindi yake. Hakuna aliyesema kitu. Tulitazama mvua. Ilipoisha kila mtu akaenda, lakini mama mmoja alituaga, sisi wote, kama mtu anaondoka nyumbani. Nimekuwa nikiwaza juu ya hiyo kwaheri kwa miaka miwili. Niliona wale watu hawakuhitaji kitu kingine ila sababu ya kusimama pamoja.

Mami, hapa kwetu umewahi kuona watu wamekaa pamoja kimya bila maiti? Kanisani tunaimba. Sokoni tunabishana. Kwa chifu tunalalamika. Kunyamaza pamoja tumewaachia wafu. Nataka tu kiti mahali ambapo hakuna aliyekufa.

Najua baba hataelewa hivyo nikimwambia. Sitamwomba. Kama watu hawatakaa, nitarudi kwa mizani na sitalaumu mtu. Lakini kama watakaa, natamani awe ameona.

Usijikune chini ya plasta.

Kiende


Wodi ya Wanawake, Meru
17 Oktoba 1993

Njura,

Mtoto ameniandikia. Sikuelewa yote, lakini nimesoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea.

Mlete Mwiti. Sijui utafanyaje. Mimi nikimwambia atasema ni maneno ya mgonjwa. Akisikia kutoka kwako atasema ni maneno ya Waembu. Ni lazima utoke kwa mtoto mwenyewe huo mwaliko, na mtoto hataomba. Basi tumia akili yako, ile iliyobaki baada ya jino. Ujumbe ufike nyumbani, kwa jina la Kiende, na uwe wa kumfanya aondoke bila kungoja kamati.

Ednah


TELEGRAMU
Kutoka: Embu, 21 Oktoba 1993
Kwa: Mwiti, Nkubu

NJURA KUPUMZIKA KIBUGU JUMAMOSI SAA NNE NJOONI WOTE KIENDE


Wodi ya Wanawake, Meru
22 Oktoba 1993
(Kwa mkono wa Mwiti)

Wifi yangu Cicily,

Mwiti amekuja kunisomea telegramu akiwa amevaa koti jeusi. Mwanzo nilicheka. Nilifikiri ni jino lingine, au ule mwaliko niliomwomba Njura. Halafu nikaona uso wake, nikakumbuka nilimkanya Njura asichezee maneno ya msiba.

Nimewaomba wanifungue mguu huu, wamekataa. Nimewaambia ni ndugu yangu pekee, wakanipa dawa ya kulala. Basi nakuandikia, kwa sababu kesho watakapoimba sitakuwepo.

Cicily, nilikuwa nikimsema vibaya. Nilimwambia anaandika kama inspekta. Ukweli ni kwamba hapa wodini barua zake nilizisoma kwa sauti, na wanawake walikuwa wananiuliza asubuhi kama posta imekuja. Yule wa kitanda cha pili, ambaye hakucheka siku ile ya jino, ndiye leo amelia zaidi. Alikuwa mwoga, huyu Njura. Tangu utoto, kukiwa na jambo gumu utamkuta nyuma ya nyumba akijifanya anatafuta kuku. Lakini baadaye alikuwa anakuja. Amechelewa, amejipanguza, lakini amekuja. Sijui kama nilimwambia kwamba nililiona hilo.

Sijui amekufa na nini. Najilaumu, nilimsukuma kwa ile kazi ya Kiende. Mwambie Kiende arudi na baba yake, pikapu ina nafasi. Sasa hakuna wa kukaa naye huko. Mabenchi hayo yaacheni. Sitaki tena kusikia habari za mabenchi.

Mwiti amebeba ndizi, kuni na mashangazi.

Wifi yako mwenye kilio,
Ednah


Kibugu
25 Oktoba 1993

Dada Ednah,

Niko hai. Naandika hilo kwanza, na hata hivyo Mwiti atakuwa amekwambia, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia kwenye barua. Barua yako ya rambirambi aliniletea, na kwa kuwa marehemu ni mimi, niliifungua. Nimeisoma peke yangu nyuma ya nyumba. Ndiyo, nyuma ya nyumba. Asante. Samahani. Sijui lipi litangulie.

Huko kwenu utasikia mengi. Tayari Kianjokoma wanasema nilitoka ndani ya jeneza la Rwamba nikiwa na nyama mkononi. Wengine wanasema binti yako aliniita kwa kengele za mbuzi nikafufuka. Chifu amepokea habari kwamba Wameru walivamia soko. Kwa hiyo nakuandikia yaliyotokea, bila kuongeza chumvi na bila shwari.

Telegramu niliandika mimi. Jumatano ilikuwa sikukuu, posta imefungwa, ikabidi nikimbie Embu Alhamisi baada ya shule. Yule karani alinikumbusha kwamba maneno hulipiwa moja moja, na wewe unajua mkono wangu ni wa birika. Nilitaka kusema kwamba mimi, Njura, nitakuwa wa kwanza kukaa na kupumzika kwenye mabenchi ya Kiende siku ya Jumamosi. Nikakata hapa, nikakata pale, kama ninavyowafundisha watoto kufupisha habari. Wiki nzima nilikuwa nimewakataza watu neno lile, na likanitoka mimi mwenyewe, kwa wino wa serikali. Karani alipolihesabu aliniambia, "Pole, mzee." Nikamwambia asante. Nilifikiri ananihurumia kwa gharama.

Kiende hakujua lolote. Hilo uliweke moyoni unapoendelea kusoma.

Jumamosi mvua ilikuwa imekatika. Watu walikuja wengi, lakini walikuja kutazama. Walijaa barazani kwa Runji, wakajaa kwenye foleni ya majani, wakaacha kiwanja kitupu katikati kana kwamba kimechorwa mstari. Chifu alikuwa na askari wake wawili. Kiende alisimama kando ya nguzo amevaa ile sweta yake ya kijani, mikono nyuma. Saa nne ikafika.

Mimi sikuwepo. Watu watakwambia nilikuwa nikijitayarisha. Nilikuwa nyuma ya bucha, nikinunua matumbo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeyaagiza. Nilikuwa nimeiona ile duara tupu, na wale watu wote, na nikafikiri, nikikaa peke yangu vile vifuniko vitalia, na soko lote litamcheka mwalimu, na likinicheka mimi litakuwa limemcheka yeye. Kijana wa Runji alinipimia matumbo. Nikamwambia apime tena.

Basi nililolikuta sikuliona lilivyoanza. Nimeambiwa na Cicily, ambaye hana desturi ya kunipamba.

Pikapu ya Mwiti ilifika. Wakaona umati kimya. Wakaona chifu na kofia yake. Wakaona mabenchi kwa duara, mbao mpya, na Rwamba amesimama pembeni. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Wakashuka, wanaume wakavua kofia, mashangazi wakafunga leso vizuri, na wakafanya anachofanya mtu akifika kwenye matanga na kukuta viti. Wakakaa.

Vitu vikalia vyote. Cicily anasema ilikuwa kama jiko limeangushwa mlimani. Na hakuna mtu anayetaka kuwa yule anayepiga makelele kwenye msiba, kwa hiyo kila mmoja akajikaza. Wakashika minyororo, wakatuliza miguu. Kelele ikapungua, ikabaki kijiko kimoja, kikanyamaza. Mwiti alikuwa ameweka kofia juu ya magoti, analia. Analia kwa ajili yangu, Ednah, mtu ambaye kila Krismasi huniita Njura Maneno.

Kiende aliona baba yake amekuja bila kuombwa, amekaa, na machozi yanamtoka. Alielewa vibaya, na mimi sitamlaumu. Akaenda akakaa kando yake. Mwiti akamshika mkono, akifikiri anamfariji. Yeye naye akashika, akifikiri ni mabenchi yake yaliyomliza.

Ndipo yule bibi wa kikapu, mwenye nguvu zake, akauliza hawa ni akina nani. Mtu akasema wamefiwa. Hakuna aliyejua wamefiwa na nani. Lakini wewe wajua kwetu, huwezi kumtazama mfiwa amekaa peke yake na wewe umesimama barazani. Bibi akatua kikapu, akaenda, akakaa. Runji akafuata na aproni yake ya damu. Wanawake wa majani wakafuata. Askari mmoja naye, mpaka chifu alipomkoholea.

Mimi nikasikia kimya. Nakwambia nilikisikia kabla sijakiona. Niko pale nyuma na matumbo yangu kwenye gazeti, na soko la Kibugu siku ya Jumamosi halina sauti. Niliogopa. Nikatoka kuangalia ni nini.

Shangazi Karwirwa ndiye aliyeniona kwanza. Sitaeleza sauti yake. Kila kitu kilichofungwa chini ya mabenchi kililia kwa pamoja, na chifu akapiga filimbi, kwa sababu alidhani sasa mkutano umeanza.

"Njura," akasema Mwiti.

"Naam, shemeji."

"Wewe si umekufa?"

"Bado."

Akatoa telegramu mfukoni, akaifungua mbele ya watu wote, akaisoma kwa sauti, polepole, kama hakimu. "Hii aliandika Kiende?"

"Niliandika mimi."

"Wewe unafundisha nini kule shuleni?"

"Kiswahili."

Runji ndiye aliyeanza kucheka. Kisha bibi wa kikapu, kisha wale wa baraza. Mashangazi walicheka na kulia pamoja, na Karwirwa alinipiga na leso yake, kwa nguvu kiasi. Mwiti hakucheka. Alimtazama Kiende, na nikaona Kiende ameelewa. Ule mkono aliokuwa ameshika akauachilia taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Akasema, "Kumbe ulikuja kuzika."

Hapo nilijua nimemwangusha. Nilitamani ile telegramu iwe ya kweli.

Mwiti alisimama kama anayeondoka. Lakini walikuwa wamesafiri tangu alfajiri, na kilio kinachosha. Akarudi akakaa pale pale. Akaniambia, "Keti." Nikaketi, mimi niliyepaswa kuwa wa kwanza, nikawa wa mwisho, na matumbo kwenye mapaja. Kifuniko cha Cicily kikalia chini yangu. Hakuna aliyetaka kusema kitu, kwa sababu baada ya mambo kama yale mtu aseme nini? Kukanyamaza tena.

Sitakudanganya eti ilidumu. Mtoto alilia, mtu akakohoa, lori la majani likapiga honi na wanawake wakakimbilia vikapu vyao. Sikuona maono. Nilichoona ni Runji, ambaye hatukusalimiana tangu alipokataa kijiko, yuko mbele yangu tunatazamana, na wala hatukuona haja ya kuangalia kando. Na safari hii hapakuwa na maiti, kila mtu alilijua hilo, na walikaa.

Mwiti alikuwa wa kwanza kuinama. Akaingiza kichwa chini ya benchi, akavuta mnyororo, akagonga kiungo cha mbao kwa kidole. "Hakuna msumari," akasema.

"Hakuna," Kiende akajibu.

"Nani alikufundisha?"

Akaonyesha Rwamba kwa kidevu. Mwiti na Rwamba wakapeana mkono kama watu wanaofanya biashara.

"Mvua hii ikiendelea mnyororo utashika kutu," akasema Mwiti. "Nani atapaka grisi?"

"Mimi."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

Halafu akasema, akiuangalia mnyororo, "Basi kwenye mizani watatafuta mwingine."

Hakumsifu, Ednah. Usikubali mtu akwambie alimsifu. Alisema pia kwamba kelele ya vijiko ni ya kijinga na rangi ya kibao ni mbaya. Chifu naye hajatosheka. Ametaka tuchague mwenyekiti, mweka hazina na katibu wa kukaa, la sivyo atarudi. Na leo asubuhi nilipopita, mabenchi yalikuwa matupu ila mbuzi mmoja.

Saa nane walifunga safari. Ndizi walituachia, lakini kuni shangazi Karwirwa alikataa, akasema si vizuri kumwachia mtu hai kuni za matanga yake. Nyuma ya pikapu kulikuwa kumejaa mashangazi. Mwiti akazibeba kuni mwenyewe, kwa mafungu, akazipanga pale mbele karibu na dereva, kwenye kile kiti alichokuwa amemwekea Kiende arudi naye Nkubu. Zilipojaa akausukuma mlango kwa goti mpaka ukafunga, akaenda nyuma kukaa na wanawake.

Ndugu yako,
Njura